KUPAA NA BALUNI WAKATI JUA LINAPANDA

Huku kwetu Kitshanga ukitaja neno baluni, kijana atakuuliza: mechi inaanza saa ngapi? Kwetu baluni ni mpira wa miguu. Lakini iko baluni nyingine, kubwa kuliko nyumba, inayobeba watu hewani bila mota na bila mabawa. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita puto. Watu wanaipanda alfajiri, jua likianza kuchomoza, ili watazame mji wa kale au pori la wanyama kutoka juu.

Wengi wetu hatutaipanda hata siku moja. Hata hivyo inafaa tujue namna inavyofanya kazi, sababu ndani yake kuna fundisho linalomfaa hata mtu anayeshuka ndani ya shimo la koltani.

INAPAA NAMNA GANI?

Kila mama anayepika kwa kuni ameliona jambo hili: majivu mepesi yanapanda juu pamoja na moshi. Wachoma makala wanalijua pia. Hewa ikipata moto inatanuka, inakuwa nyepesi, kiisha inapanda, na hewa baridi inaingia pahali pake. Baluni ni mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi unaoshika ile hewa ya moto isikimbie. Chini ya mfuko kimefungwa kikapu cha kusimamia watu, na juu ya vichwa vyao kuna jiko la gesi. Rubani akifungua gesi, moto unanguruma na baluni inapanda. Akifunga, hewa inapoa na baluni inashuka polepole. Kule juu kabisa kuna tundu lililozibwa na kitambaa. Rubani akivuta kamba, linafunguka, hewa ya moto inatoka, na baluni inashuka upesi zaidi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Hewa nayo ina uzito. Karibu na bahari, hewa inayojaza sanduku la mita moja kila upande ina uzito wa kilo 1 na gramu 200 hivi. Ukiipasha moto mpaka digrii 100, nyingine inatoka nje, na ile inayobaki sandukuni ina kama gramu 950. Tofauti ni gramu 250 tu. Maana yake, unahitaji masanduku manne ya namna hiyo ili uinue kilo moja. Baluni yenye mita za ujazo 3,000 itainua kilo 750 hivi, na humo umehesabu kitambaa, kikapu, chupa za gesi na watu wote. Ndiyo sababu baluni ya watu wengi lazima iwe kubwa sana.

KONDOO, BATA NA JOGOO

Kazi hii ilianzia Ufaransa. Ndugu wawili, Joseph na Étienne Montgolfier, walikuwa wa jamaa yenye kiwanda cha karatasi katika mji mdogo wa Annonay. Tarehe 4 Juni 1783 walirusha baluni yao mbele ya watu wa mji. Wao walidhani moshi wenyewe una nguvu ya kuinua. Kumbe ni joto tu.

Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, huko Versailles, mbele ya mfalme Louis wa 16, abiria wa kwanza walipanda: kondoo, bata na jogoo. Walikaa hewani dakika chache, wakashuka wazima. Hapo watu wakapata moyo. Tarehe 21 Novemba 1783, Pilâtre de Rozier na bwana mmoja wa ukoo bora, marquis d'Arlandes, walipaa juu ya mji wa Paris kwa dakika 25 hivi. Walikuwa wakilisha moto kwa majani makavu, huku wakiwa na sponji zenye maji za kuzima cheche zilizotoboa kitambaa. Hao ndio watu wa kwanza kuutazama mji mkubwa kutoka hewani bila kamba ya kuwashika chini.

Lakini Pilâtre hakuishi miaka mingi baada ya sifa ile. Tarehe 15 Juni 1785 alijaribu kuvuka bahari kwenda Uingereza. Baluni yake iliunganisha hewa ya moto na hidrojeni, gesi ambayo inawaka upesi sana. Ilianguka, akafa pamoja na mwenzake Pierre Romain. Basi tangu mwanzo, starehe hii imekwenda pamoja na hatari.

BALUNI INAFIKA AFRIKA YETU

Mwaka 1863 mwandishi Mfaransa Jules Verne alitoa hadithi ya Waingereza watatu wanaovuka Afrika kwa baluni wakianzia Zanzibar. Ilikuwa hadithi ya kubuni. Alichagua Zanzibar sababu wakati ule huo ndio ulikuwa mlango wa safari nyingi za kuingia bara. Hata Kiswahili chetu cha Kongo kilitembea na misafara iliyotoka pwani ile, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa.

Karibu miaka mia moja baadaye, hadithi ikapata watu wa kuijaribu. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith pamoja na wenzake wawili, Douglas Botting na Alan Root, waliondoka Zanzibar kwa baluni iliyoitwa Jambo. Waliuacha ule mji wa kale wa mawe, wakavuka maji ya bahari mpaka Tanganyika, nchi ambayo ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Baluni yao ilikuwa ya hidrojeni, kama ile gesi iliyomponza Pilâtre.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa imekwisha kupatikana Marekani. Mwaka 1960 Ed Yost aliruka kwa baluni ya hewa ya moto inayotumia gesi ya chupa. Rubani sasa aliweza kuongeza na kupunguza moto apendavyo. Alan Root akaifuata njia hiyo. Mwaka 1974 yeye na mke wake Joan walipita kwa baluni juu ya mlima Kilimanjaro, na mwaka 1976 akaanzisha safari za baluni za watalii katika Maasai Mara, Kenya.

Sisi watu wa Kivu tuna neno la kuongeza hapa. Alan Root huyo huyo ndiye aliyemsaidia Dian Fossey kupanga kambi yake ya kwanza ya kuchunguza sokwe wa milimani, mwanzoni mwa mwaka 1967. Kambi ile ilikuwa Kabara, kwenye mlima Mikeno, katika Kivu yetu hii.

KWA NINI ALFAJIRI?

Wengine wanafikiri watu wanaamka mapema juu ya uzuri wa jua tu. Uzuri upo, lakini sababu kubwa ni usalama. Usiku ardhi inapoa na hewa inatulia. Jua likipanda, linapasha mawe na mashamba. Hewa ya chini inapata moto, inaanza kupanda kwa nguvu hapa na pale, na upepo unaamka. Hewa ya namna hiyo inaweza kuitupa baluni kama jani. Tena hewa ya nje ikiwa baridi, hewa ya moto iliyo ndani ya mfuko inainua vizuri zaidi.

Jambo la pili la kushangaza: baluni haina usukani. Rubani hawezi kuipeleka kushoto wala kulia. Ana uwezo wa kupanda na kushuka, basi. Lakini upepo wa chini na upepo wa juu mara nyingi hauendi njia moja. Rubani mwenye akili anapanda kidogo, anatafuta upepo unaokwenda anakotaka, anaufuata. Upepo ukimkatalia, anashuka pengine. Huku chini gari linamfuata na watu wa kazi, sababu hakuna anayejua kwa hakika atatua shamba la nani.

JUU YA MJI WA FARAO

Katika Afrika, pahali panapojulikana sana kwa kupaa juu ya mji wa kale ni Luxor, Misri, kando ya mto Nili. Zamani mji huo uliitwa Thebe, na wasomaji wa Biblia wanaujua kwa jina la No-Amoni katika vitabu vya Nahumu na Yeremia.

Abiria wanafika kungali giza. Wanakuta mfuko umelazwa chini kama shitingi kubwa, feni zinaujaza hewa, kiisha moto unawashwa na mfuko unasimama polepole. Wanapanda kikapuni, wanaonyeshwa namna ya kuchuchumaa na kushika kamba wakati wa kutua. Ardhi inaondoka chini yao bila kishindo. Moto ukizimwa kidogo, kimya kinakuwa kikubwa, unasikia jogoo na mbwa wa vijiji. Na kwa sababu baluni inakwenda pamoja na upepo, usoni husikii upepo.

Jua likitoka, upande mmoja wa mto yanaonekana mahekalu ya Karnak na Luxor. Upande wa magharibi iko milima mikavu yenye Bonde la Wafalme, ambamo kaburi la Tutankhamun lilipatikana mwezi wa Novemba 1922. Liko hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama farao, na sanamu mbili kubwa za Memnon zimekaa mashambani. Kutoka juu mtu anaona jambo ambalo chini halionekani wazi: kijani cha mashamba kinafuata maji, na pale maji yanapokoma, mchanga unaanza kama umekatwa kwa kisu. Anaelewa mara moja juu ya nini watu wote wale waliishi kando ya mto.

SIKU YA MSIBA

Tarehe 26 Februari 2013, baluni moja huko Luxor ilikuwa inatua na watu 21. Moto ukashika kwenye gesi. Rubani na abiria wachache wakaruka chini. Hapo kumbuka ile hesabu yetu ya kilo: watu wakitoka, mzigo unapungua, na baluni inapanda. Ile baluni yenye moto ikapaa tena juu sana pamoja na waliobaki, kiisha ikaanguka. Watu 19 walikufa. Rubani na abiria mmoja walipona. Ni ajali kubwa kuliko zote katika historia ya baluni za hewa ya moto. Serikali ya Misri ilisimamisha safari hizo kwa muda, baadaye zikaendelea.

Ndiyo maana sheria ya kwanza kikapuni ni hii: hakuna mtu kutoka mpaka rubani aseme. Hata baada ya kutua salama, watu wanatoka kwa mpango, ili baluni isiinuke ghafla.

NENO KWA VIJANA WETU

Safari ya baluni kule Mara au Serengeti ni ghali. Mara nyingi mtu mmoja analipa karibu dola 500, au hata zaidi. Kwa pesa hiyo baba wa hapa analipa minervali za watoto. Sasa fikiri: mtalii ametoka mbali, amelipa pesa hiyo yote, ameamka usiku, amefika uwanjani. Rubani anapima upepo, anaangalia mawingu, anasema: leo hatupai. Mtalii ananung'unika. Mwenye kampuni naye anataka pesa. Lakini rubani mwema habadilishi neno. Kazi yake ngumu iko pale chini, kabla ya kuwasha moto, katika neno moja la kusema hapana.

Vijana wa machimbo, hapa tunafanana na rubani. Mvua imenyesha usiku kucha, udongo umelegea, ndani ya shimo hewa ni nzito na taa ya kichwa inaonyesha ufa. Mwenye shimo anasema shuka, deni la dukani linasema shuka, wenzako wanakucheka kwamba unaogopa. Yule anayesema "leo hatushuki" si mwoga. Ametazama upepo wake. Koltani itangoja, imengoja tangu zamani. Mama yako naye anakungoja nyumbani.

Na kwa sisi wazazi kuna jambo moja zaidi. Watoto wetu wa Masisi wamejifunza kuogopa kinachosikika angani. Helikopta, ndege, hata ngurumo ya mvua, mtoto anatafuta mahali pa kujificha. Tuwasimulie basi kwamba viko pia vitu vinavyopaa kwa sababu ya furaha tu, bila silaha, asubuhi na mapema, na watu wa chini wanatoka nyumbani kuvitazama na kupunga mkono. Vilima vyetu vya majani mabichi, ng'ombe zetu, na moshi wa Nyamulagira kule mbali vinastahili kutazamwa namna hiyo. Siku moja, kukiwa na amani, pengine mtoto wa hapa ndiye atakayeshika ile kamba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Rubani hawezi kuchagua njia ya upepo. Anaweza kuchagua nini?

2. Katika kazi yetu, nani ana ruhusa ya kusema "leo hapana"? Je, tunamsikiliza?

3. Kama mngeweza kupaa juu ya Kitshanga asubuhi moja, kila mmoja angependa kutazama nini kwanza?