Kuunga Picha Kadhaa Kuwa Panorama Moja

Mtahiniwa, soma makala haya mara mbili kabla ya kujibu maswali yaliyo mwishoni. Mara ya kwanza soma kwa kuelewa. Mara ya pili soma ukiwa na penseli mkononi, upigie mstari kila hatua na sababu yake. Makala ya ufafanuzi hupimwa kwa mambo hayo mawili: nini kinafanyika, na kwa nini kifanyike hivyo.

Utangulizi

Ukisimama kwenye ukingo wa kusini wa Kreta ya Ngorongoro utaona chini yako sakafu yenye eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Kuta zake zina kimo cha takribani mita 600, na kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ni kilomita 16 hadi 19. Utatoa simu, utapiga picha, kisha utagundua kuwa kilichoingia ni kipande tu. Ziwa Magadi limeingia lakini Msitu wa Lerai haumo, au ukuta wa upande mmoja umeonekana na wa pili umekatwa.

Miaka michache iliyopita tuliwapeleka wanafunzi wetu mahali hapo kwa ziara ya masomo. Wazazi walikuwa wamechanga nauli ya basi muhula mzima. Nilipiga picha saba nikikusudia kuziunga nikirudi shuleni, zibandikwe darasani ili hata waliokosa nauli waione kaldera yote. Nilipoziingiza kwenye kompyuta, programu iliunga tatu za kwanza, ikaunga nne za mwisho, ikakataa kuyakutanisha mafungu hayo mawili. Kati ya picha ya tatu na ya nne nilikuwa nimegeuka kupita kiasi, likabaki pengo. Safari ile haikuwezekana kurudiwa. Makala haya yanaeleza kile ambacho ningepaswa kukijua asubuhi ile.

Maana na chimbuko la panorama

Panorama ni picha inayoonesha mandhari kwa upana mkubwa kuliko ule ambao kamera ya kawaida huuona kwa mara moja. Neno hili limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "yote" na "mwono". Lilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 18 kwa michoro mikubwa ya mchoraji Robert Barker, ambaye mwaka 1793 alifungua jengo la duara jijini London ambamo watazamaji walisimama katikati na kuzungukwa na mchoro pande zote.

Kuunganisha picha nako si jambo la juzi. Mwaka 1848 Charles Fontayne na William Porter waliupiga mji wa Cincinnati, Marekani, kutoka ng'ambo ya mto, wakitumia mabamba manane ya picha yaliyopangwa sambamba. Tofauti na leo ni kwamba mabamba yale yaliwekwa ubavu kwa ubavu na mipaka yake ikaonekana. Kompyuta ndiyo iliyowezesha mipaka hiyo ifutike.

Kupandana kwa picha

Mtazame fundi anayeezeka paa. Hawezi kuweka bati moja likagusana tu na jingine ukingo kwa ukingo, maana mvua itavuja. Hulipandisha bati la pili juu ya sehemu ya bati la kwanza. Picha za panorama nazo ni hivyo hivyo. Kila picha lazima irudie sehemu ya picha iliyotangulia. Kipimo kinachofaa ni kati ya robo na theluthi ya upana wa picha, na anayeanza ashike theluthi.

Sababu yake ni kuwa kompyuta haijui mlima wala ziwa. Inachofanya ni kutafuta vitu vinavyoonekana katika picha zote mbili. Pasipo sehemu iliyorudiwa, haina pa kushikia. Hilo ndilo lililonipata mimi.

Idadi ya picha zinazohitajika hupatikana kwa hesabu nyepesi. Tuseme kamera iliyoshikwa wima inaona pembe ya nyuzi 48, na unataka panorama ya nyuzi 144.

Sehemu ya kupandana: theluthi ya 48 = nyuzi 16
Kinachoongezwa na kila picha mpya: 48 – 16 = nyuzi 32
Kinachobaki baada ya picha ya kwanza: 144 – 48 = nyuzi 96
Picha za nyongeza: 96 ÷ 32 = 3
Jumla ya picha: 1 + 3 = 4

Iwapo jibu la mgawanyo lina desimali, ongeza hadi namba nzima inayofuata. Usipunguze kamwe, maana kupunguza ni kuacha pengo.

Hesabu hiyo hiyo hutupa ukubwa wa panorama. Kila picha ikiwa na pikseli 3,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo, theluthi ya upana ni pikseli 1,000. Upana wa panorama kabla ya kukata kingo ni 3,000 + (3 × 2,000) = pikseli 9,000. Kwa hiyo panorama ina pikseli 9,000 × 4,000, yaani milioni 36, ilhali picha nne ulizopiga zina jumla ya pikseli milioni 48. Milioni 12 zilizopungua hazikupotea bure. Hizo ndizo gundi iliyoshikanisha picha.

Hatua za kupiga picha

1. Shika simu wima. Kila picha itakuwa nyembamba, lakini utapata nafasi ya ziada juu na chini. Panorama hukatwa kingo mwishoni, na asiye na ziada hukata kilele cha mlima.

2. Funga mwangaza na fokasi. Simu nyingi hufanya hivyo ukibonyeza kioo kwa sekunde chache. Usipofunga, simu itapima upya kila unapogeuka. Upande wa jua itafifisha na upande wa kivuli itang'arisha, na anga moja itatoka na mabaka. Pima mwangaza kwenye sehemu ambayo si angavu mno wala si ya giza mno.

3. Usivute picha karibu wala kuisogeza mbali katikati ya kazi. Picha za ukubwa tofauti huipa programu kazi ngumu isiyo ya lazima.

4. Weka mstari wa upeo wa macho mahali pamoja katika kila picha. Ukishuka na kupanda, panorama itakuwa kama ngazi, na ukishaikata ili inyooke utabaki na utepe mwembamba.

5. Geuka wewe, simu ibaki mahali pake. Hatua hii hupuuzwa na wengi, nayo ina sababu ya kisayansi inayofafanuliwa hapa chini.

Paralaksi

Nyoosha mkono, inua kidole gumba, kisha funga jicho moja na uangalie gumba lako likiwa mbele ya ukuta. Sasa sogeza kichwa kidogo kulia. Gumba limehama na kufunika sehemu nyingine ya ukuta, ingawa halikusogezwa. Kuhama huko kwa kitu cha karibu mbele ya kitu cha mbali kunakosababishwa na kuhama kwa mtazamaji huitwa paralaksi.

Mtu anaposhika simu kwa mkono ulionyooshwa na kugeuka, lenzi husafiri katika tao. Milima ya ng'ambo haitaonekana kuhama kwa kuwa iko mbali, lakini nguzo ya uzio iliyo mita mbili mbele itahama sana. Programu ikilinganisha milima, nguzo haitakutana. Ikilinganisha nguzo, milima itapinda. Dawa ni kuifanya lenzi kuwa kitovu cha mzunguko, yaani wewe uizunguke simu kwa hatua ndogo ndogo. Stendi ya miguu mitatu husaidia. Usipokuwa nayo, epuka kuweka vitu vya karibu sana mbele ya mandhari.

Kompyuta inaungaje picha?

Kazi hii ina hatua nne, na programu ya bure kama Hugin huzitekeleza zote.

Kwanza, kutafuta alama. Programu hukagua kila picha ikitafuta sehemu zinazotambulika kwa urahisi: ncha ya mwamba, kona ya paa, pindo la msitu. Anga tupu ya buluu haina alama, ndiyo maana picha ya mawingu matupu au ya maji matulivu ni vigumu kuungwa. Njia maarufu ya kutafuta alama hizo iliwasilishwa na David Lowe mwaka 1999. Mwaka 2003, yeye na Matthew Brown walionesha jinsi kompyuta inavyoweza kuzitambua yenyewe picha zilizo za panorama moja bila mtu kuipangia.

Pili, kulinganisha. Alama za picha ya kwanza huoanishwa na za picha ya pili. Baadhi ya jozi huwa za uongo, kwa mfano miti miwili inayofanana. Programu huzichuja kwa kutafuta mpangilio unaokubaliwa na jozi nyingi, kisha zile zisizokubaliana nao hutupwa.

Tatu, kukunjua. Picha zilizopigwa kwa kugeuka haziwezi kulazwa juu ya meza zikalingana moja kwa moja. Fikiria umezibandika ndani ya kopo la duara, wewe ukiwa katikati, kisha ukalipasua kopo na kulilaza. Njia hiyo ya kopo hufaa kwa mandhari mapana. Hata hivyo ina gharama: mistari ya wima hubaki imenyooka, lakini mistari mingi ya mlalo, kama ukingo wa barabara, hupinda kama upinde.

Nne, kuficha mshono. Programu huchagua mahali pa kupitisha mshono, kisha huchanganya rangi za pande mbili polepole ili jicho lisitambue zinapokutania.

Dosari na sababu zake

Pengo: picha hazikupandana vya kutosha.
Mabaka ya anga: mwangaza haukufungwa.
Nguzo iliyokatika: paralaksi.
Mnyama mwenye vichwa viwili, au nusu ya gari: kitu kilitembea kati ya picha moja na nyingine.
Upeo wa macho uliopinda: simu iliinamishwa au haikushikwa sawa.

Kusoma panorama kwa uangalifu

Panorama ni picha ya ardhini, hivyo isome kwa sehemu ya mbele, ya kati na ya nyuma, pamoja na kushoto, katikati na kulia. Lakini jihadhari na mambo matatu. Barabara inayoonekana imepinda huenda imenyooka. Umbali wa mlalo haupimwi kwa rula kama kwenye ramani. Tatu, kingo mbili za panorama hazielekei upande mmoja. Aliyesimama ukingo wa kusini wa Ngorongoro akitazama kaskazini, na kupiga nyuzi 180, atakuwa na magharibi kushoto kabisa na mashariki kulia kabisa. Mtahiniwa anayeandika kuwa panorama yote "inaelekea kaskazini" atakuwa amekosea.

Lipo pia suala la uaminifu. Mshono ukipita katikati ya kundi la ng'ombe, programu inaweza kuwafuta baadhi au kuwarudia wengine, na matokeo yakaonekana safi kabisa. Kwa picha ya kupamba ukuta hilo si kitu. Kwa picha inayotumika kama ushahidi, kama vile ya korongo linalokula shamba, mpaka wa kiwanja au idadi ya mifugo, ni jambo zito. Hifadhi picha za awali na useme wazi kuwa uliyoonesha imeungwa.

Hitimisho

Kompyuta hurekebisha mengi, lakini haiwezi kuona ambacho hakikupigwa. Kabla ya kuondoka mahali, rudia picha zako moja baada ya nyingine ukijiuliza: kitu kipi kimo katika hii na pia katika iliyotangulia? Ukikosa jibu, piga tena ukiwa bado umesimama pale pale. Ukaguzi huo huchukua dakika moja.

Maswali ya kujipima

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika makala: (a) kupandana (b) mshono (c) kitovu (d) dosari.
2. Kwa nini mwandishi ametumia mfano wa fundi anayeezeka paa?
3. Kamera inaona nyuzi 54. Ukitumia kupandana kwa theluthi, picha ngapi zitahitajika kwa panorama ya nyuzi 198?
4. Taja dosari mbili zinazotokana na mpiga picha na moja inayotokana na mandhari yenyewe.
5. Fupisha sehemu ya "Kompyuta inaungaje picha?" kwa maneno yasiyozidi 60.

Dondoo za majibu

Swali la 1: Toa maana ya kimuktadha. "Mshono" hapa si wa nguo. Ni mahali picha mbili zinapokutania. Wengi hupoteza alama kwa kutoa maana ya kamusi.
Swali la 2: Usiishie kusema "kurahisisha". Onesha kinachofanana: pasipo kupandana, paa huvuja na panorama hupata pengo.
Swali la 3: 54 – 18 = 36; 198 – 54 = 144; 144 ÷ 36 = 4; jumla ni picha 5.
Swali la 4: Za mpiga picha ni kama pengo na mabaka ya anga. Ya mandhari ni vitu vinavyotembea.
Swali la 5: Hatua zote nne zionekane kwa mfuatano wake. Acha mifano, majina ya watu na miaka.