Kitoweo cha Shighatini hubadilika na maji ya bondeni

Mama wa Shighatini anayewaza kitoweo cha jioni husomewa msimu na beseni la mchuuzi. Leo kambale, mwezi mwingine perege, na kuna siku hakuna kingine ila samaki wakavu wa moshi.

Samaki wengi wanaopandishwa milimani Upare wa Kaskazini hutoka Ziwa Jipe na Bwawa la Nyumba ya Mungu. Vijito vya kwetu vyenye mawe na maji ya kasi havina kitoweo cha maana. Mto Ruvu (si ule wa Pwani) hutoka Jipe, hukutana na Kikuletwa bwawani, na kuanzia hapo maji huitwa Pangani.

Masika yakijaza mabonde, kambale huacha mkondo na kuingia kwenye majani yaliyofurika, hutaga humo usiku, na mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja tu. Perege hupenda maji yaliyotulia ya kina kifupi. Dume huchimba kiota, na jike huatamia mayai mdomoni. Anayemvua jike huyo hupoteza na kizazi chake.

Kiangazi maji hurudi nyuma. Kambale huweza kuvuta hewa ya juu, hivyo hustahimili dimbwi la matope ambalo lingemuua perege. Samaki hujazana penye maji yaliyobaki, na mvuvi huwapata kirahisi, wakubwa kwa wadogo. Hapo ndipo kokoro na vyandarua vya mbu hufanya uharibifu, ingawa sheria inavikataza. Perege wa asili wa Jipe tayari yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na magugu yamelivamia ziwa lenyewe.

Kwa familia, hasara hiyo huonekana kwenye sahani ya mtoto. Kuanzia miezi 6, samaki aliyeiva vizuri, aliyetolewa miiba na kupondwa kwenye uji au ndizi, humpa protini ambayo ugali peke yake haumpi.

Msimu wa joto, safari ya kutoka bondeni huharibu samaki upesi. Bonyeza nyama: ikibaki na shimo, acha. Mashavu yawe mekundu, macho yawe maangavu. Kama mchuuzi amefika jua likiwa limeshapanda na hana barafu, chukua wale wa moshi.