Fahamu: Uchovu wa Mchana Usioondolewa na Usingizi

Ni hali gani?

Ni mtu kulala kwa muda wa saa saba au nane, kisha akaamka na mwili mzito na kusinzia adhuhuri kana kwamba hakufumba jicho. Nayo si uvivu, wala si haki kumlaumu aliyesibiwa.

Hutokana na nini?

Aghalabu ni upungufu wa damu, uletwao na malaria, minyoo au uhaba wa madini ya chuma. Na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, ambako wengi hula posho na maharagwe, chai ya rangi inywewayo pamoja na chakula hupunguza kuingia mwilini kwa hicho chuma kidogo kilichomo. Heri chai ingoje saa moja.

Wako pia wakoromao, ambao koo huziba na pumzi hukatika mara nyingi usiku, ubongo ukizinduka bila wao kujua.

Tena iko huzuni, na hii husahauliwa mno: aliyekimbia vita Kongo, Burundi au Somalia huweza kulala saa nyingi, lakini kwa majinamizi yasiyompa raha.

Lini kutafuta tabibu?

Uchovu ukidumu majuma kadhaa, apimwe damu katika kituo cha afya, kwani himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au 13 kwa mwanamume, ni upungufu; apimwe na malaria na sukari. Yakishindikana hapo, iko hospitali ya rufaa Mbarara.