Mlezi wa mtoto aingie kwenye bajeti ya filamu

KATIKA mabonde ya Mlalo, wilayani Lushoto, mama anayelima kabichi humfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akaendelea kupalilia. Mwigizaji hana nafasi hiyo: mtoto akilia wakati kamera inarekodi, kazi ya wote inasimama.

Binti wa Mlalo anayetaka kuigiza huteremka Mombo, akaelekea Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, au Dar es Salaam liliko soko la filamu. Bibi na mashangazi ambao wangemsaidia kulea hubaki mlimani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini msanii anayelipwa kwa filamu moja moja mara nyingi hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Ujira wa yaya hutoka mfukoni mwake. Mwenzake wa kiume, mara nyingi, humwachia mkewe kazi hiyo bila malipo.

Mtayarishaji hupangia fedha nauli na chakula. Apangie na mlezi, la sivyo mama ndiye anayeendelea kufidia gharama za filamu.