Anayeuguza naye aulizwe hali

Juma hili nazungumzia hofu inayoingia nyumbani siku daktari anapotamka neno saratani.

Kwetu Bagamoyo hofu hiyo huanza na safari. Mgonjwa anayeandikiwa mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1996 katika hospitali ya tangu enzi za Wajerumani. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 60, na mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Familia huulizana: nani atamsindikiza? Atafikia kwa nani huko mjini? Nauli itatoka wapi?

Juu ya hayo huja maneno ya barazani. Nimeyasikia Kaole, nimeyasikia Bunju: eti mionzi inaunguza kama moto, eti aliyepigwa mionzi asipakate mtoto. Ukweli ni huu. Mgonjwa hulala chini ya mashine, peke yake, kwa dakika chache, huku wataalamu wakimtazama kwa kamera wakiwa chumba cha pili. Wakati huo hasikii maumivu. Baadaye ngozi yaweza kubabuka, na mwili kuchoka. Lakini mionzi ya mashine hiyo haibaki mwilini. Akirudi nyumbani, na ampakate mjukuu wake.

Wengi wetu humficha mgonjwa jina la ugonjwa wake, tukidhani tunamhurumia. Naye huona nyuso zetu, husikia minong'ono, akawaza mabaya kuliko yaliyopo. Anayejua kesho atafanyiwa nini hulala afadhali.

Mtazameni pia anayemwuguza, mara nyingi binti au mke. Hakai usingizini, chakula hakipiti, moyo humwenda mbio kila siku ya majibu, na hufoka kwa jambo dogo. Msimwone ana roho mbaya. Huo ni wasiwasi, nao una tiba: kuzungumza na muuguzi au mshauri, ndugu kupokezana zamu, na dawa ikibidi. Msindikizaji akichoka, mgonjwa huacha kwenda. Na mionzi ikikatizwa, saratani hupata nafasi ya kukua tena.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Uji apewe, lakini hofu yake aulizwe, na maswali yake yaandikwe kwenye karatasi kabla ya kumwona daktari. Nawe ukienda kumjulia hali, usiondoke kabla hujamwuliza aliyekufungulia mlango: "Na wewe, jana ulilala?"