Bamba chini ya gari huokoa mzigo na safari

WAFANYABIASHARA wanaovuka Gatumba kutoka Bujumbura na kupita Uvira kwenda Baraka wanajua: jiwe moja likipasua sampu, oili humwagika, injini hufa na mzigo hulala njiani.

Kinga ni bamba linalofungwa chini ya injini na giaboksi. Bamba la chuma la milimita 4 lina uzito wa kilo 31 hivi kwa kila mita ya mraba. La aluminiamu la milimita 6 lina kilo 16. Chuma huchomelewa katika gereji nyingi na bei yake ni nafuu. Aluminiamu ni ghali, ila kilo zinazopungua ni za mzigo.

Kwa Land Cruiser au Hilux, fundi alifunge kwa bolti kwenye chesisi, si kwenye injini, na aache nafasi ili likibonyea lisiguse sampu. Litobolewe tundu la kumwagia oili, na mengine ya kupitisha hewa na maji.

Baada ya safari ya kwanza, bolti zikazwe tena. Tope lisafishwe, kwani huzuia joto kutoka. Nyasi kavu pia ziondolewe. Zikigusa bomba la moshi zinaweza kuwaka.