Breki zikipiga "pshii", tega sikio kabla ya kupakia

BUSIA. Lori la mahindi kutoka Tororo likisimama karibu na mpaka, breki hutoa "pshii!" na wachuuzi walio kando ya barabara hushtuka. Sauti hiyo haitoki kwenye chuma. Hewa iliyoshindiliwa kwenye matangi hufyatuka kupitia tundu dogo, hukutana na hewa iliyotulia, na hapo huvurugika kuwa vimbunga vidogovidogo. Vurugu hiyo ndiyo kelele.

Mwaka 1952, mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha kwamba kasi ya hewa inayofyatuka ikiongezeka mara 2, nguvu ya kelele huongezeka takriban mara 256. Ndiyo maana baadhi ya malori hufungwa kizuia sauti chenye vitundu vingi: hewa hutoka polepole, mlio hupungua.

Kwa mwenye mzigo, sikio ni kipimo. "Pshii" fupi ni kawaida. Lakini injini ikizimwa na mlio mwembamba ukaendelea, upepo wa breki unavuja. Kabla ya kupakia, mwombe dereva azime injini, msikilize pamoja, kisha mtazame geji ya upepo. Mshale ukishuka haraka, mzigo usubiri fundi.